Kutoka Angani Hadi Wodi ya Watoto

Msikilizaji, Septemba 2021 raia wanne wa Marekani waliizunguka dunia kwa siku tatu wakiwa angani. Aliyegharimia safari ni tajiri Jared Isaacman, mpenzi mkubwa wa anga za juu. Lakini hakwenda kutalii tu: aliifungamanisha safari hiyo na harambee ya St. Jude, hospitali ya watoto mjini Memphis, na yeye mwenyewe akaahidi dola milioni 100.

Kwa nini jambo hili linatuhusu? Mwenzake mmoja safarini, Hayley Arceneaux, alitibiwa saratani ya mfupa hapo hapo St. Jude akiwa mtoto. Alipaa akiwa na kiungo bandia mguuni, na kutoka huko juu akajibu maswali ya watoto wagonjwa.

Sasa, wapo wanaosema fedha za roketi zingepelekwa moja kwa moja wodini. Hoja hiyo ina uzito. Kwa upande mwingine, harambee ilivuka lengo la dola milioni 200, na St. Jude haiidai familia hata senti.

Naamini anachokipenda mtu kikimfikia mgonjwa, kimepata baraka. Je, wewe unachokipenda kuliko vyote kinaweza kumfaa nani?