Mlingoti Ukishang'olewa

(Mazungumzo na vijana wa chama baada ya tarawehe)



Ndugu zangu, na dada zetu mlioko upande wa pili, nimeambiwa nisiwachoshe watu wanaoamka saa kumi kula daku. Basi niingie moja kwa moja. Nataka kuzungumzia kitu ambacho wengi wenu hamjakigusa: ile redio yenye maandishi SW na MW, na ile milingoti mirefu iliyokuwa ikiilisha.

Wazee waliokaa hapa mbele wanaijua habari hii. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Mwingereza wakati ule ndiye aliyeshika Kenya, Unguja na Tanganyika. Magazeti anayakagua, vitabu bandarini anavifungua, na mtu akisema sana anajulikana alipo. Lakini sauti ile ilitoka Misri ikaja mpaka kwenye mikahawa ya Mombasa na Unguja bila pasipoti, ikamsema mkoloni kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa. Serikali ilihangaika nayo miaka. Utamkamata nani? Mtu amekaa zake na kikombe cha kahawa.

Sababu ni ya kimaumbile. Wimbi la FM huenda mbele kama mwanga wa tochi. Likikutana na mlima, au dunia ikijipinda, basi limekwisha. La SW hupanda juu, likakutana na tabaka la anga lililo kilomita mia na zaidi kutoka ardhini, likapindwa, likarudi chini, likadunda baharini au nchi kavu, likapanda tena. Ndiyo maana sauti yake huja na kwenda kama maji ya pwani. Na ndiyo maana mtambo mmoja kisiwani huweza kufikia nchi kumi, na katika nchi hizo kumi hakuna ofisi hata moja yenye swichi yake. Wanaweza kuipigia kelele juu yake, na wamewahi kufanya hivyo, lakini kuizima hawawezi.

Sasa milingoti hiyo inaondoka, hata hapa jirani. BBC walikuwa na mitambo Grand Anse, kisiwa cha Mahé huko Ushelisheli, tangu mwaka 1988, ikielekezwa Afrika Mashariki. Tarehe 29 Machi 2014 ikazimwa. Mwaka mmoja baadaye, 28 Machi 2015, Wajerumani wa Deutsche Welle wakafunga kituo chao cha Kigali kilichoanza kazi mwaka 1965. Pale palikuwa na mitambo minne, kila mmoja kilowati 250. Na huko Ireland, redio ya taifa ilizima masafa yake marefu tarehe 14 Aprili 2023, na Julai hiyo hiyo mlingoti wenyewe, mita 248, ukalazwa chini. Waliolalamika zaidi kule walikuwa wazee wa Kiayalandi wanaoishi Uingereza, ambao ile ndiyo iliyokuwa kamba yao ya nyumbani. Walikuwa wamepigania isizimwe tangu mwaka 2014.

Tusiwaonee hao wanaozima. Mtambo wa kilowati 250 unakula umeme kama mji mdogo, na vipuri vyake ni adimu. Mafundi wanaoujua wamestaafu, na wasikilizaji nao wamehamia FM na simu. Nyinyi wenyewe hapa, nani alifungua SW wiki hii? Nilidhani hivyo. Wala wenye vituo hawakuvijenga kwa mapenzi yetu. Kila mmoja alikuwa na lake la kutuuzia, Cairo nayo imo. Sauti ya Amerika ilipokatwa mwezi wa Machi 2025, haikukatwa na adui. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyewafungia mlango wafanyakazi wake.

Lakini kuzima ni jambo moja na kung'oa ni jambo jingine. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize.

BBC ilizima redio yake ya Kiarabu tarehe 27 Januari 2023, baada ya miaka 85. Ilikuwa imeanza tarehe 3 Januari 1938. Hesabu ilikuwa nzuri kwenye karatasi: watu wako kwenye intaneti. Tarehe 15 Aprili vita vikaanza Khartoum. Umeme ukawa wa kubahatisha, mtandao ukawa wa kubahatisha, watu wako chini ya vitanda hawajui barabara gani ina risasi. Mapema Mei, yaani miezi mitatu tu tangu waage, BBC wakarudi na matangazo ya dharura ya Kiarabu kwa ajili ya Sudan, kwa SW. Waliweza kurudi kwa sababu mahala fulani duniani bado palikuwa na mlingoti uliosimama.

Tazameni na Cyprus. Pale Zygi BBC walikuwa na SW na masafa ya kati. SW ikafungwa mwaka 2013, ya kati ikaachwa. Tarehe 27 Oktoba 2023 simu na intaneti zikakatika karibu Gaza yote. Siku chache baadaye, mapema Novemba, kikaanza kipindi cha kila siku cha Kiarabu cha watu wa Gaza, masafa ya kati, kilohezi 639. Mtu mwenye redio ya betri aliweza kuipata. Simu bila mnara ni kioo tu cha kujitazamia.

Australia wao walifunga SW yao tarehe 31 Januari 2017, pamoja na kituo cha Shepparton kilichokuwa hewani tangu mwaka 1944. Waliokoa dola zao milioni 1.9 kwa mwaka. Watu wa visiwa vya Vanuatu na Solomon, ambako tufani ikija minara ya simu ndiyo ya kwanza kulala, walipiga kelele sana. Haikupita miaka miwili, baadhi ya masafa yale yalikuwa yanatumiwa na redio ya China. Kiti hakikukaa kitupu.

Mtaniambia, hayo ya mbali. Haya, Januari 30, 2018, hapa kwetu, runinga kubwa tatu zilizimwa mchana kweupe. Mahakama ikaamuru ziwashwe, na bado zikakaa gizani siku kadhaa. Iwe ni halali au si halali waachieni mawakili. Mimi naangalia ufundi tu. Kila tunachokitegemea leo, FM, runinga, hata hii intaneti yenu, kinapita mahali ambapo mtu wa karibu anaweza kutia mkono.

Si wote waliong'oa. Waholanzi walijenga kituo chao Madagascar, au Bukini kama walivyoiita wazee wetu, mwaka 1972, pale Talata-Volonondry karibu na Antananarivo. Walipoondoka mwaka 2012 mitambo haikuuzwa chuma chakavu. Ilibaki mikononi mwa kampuni ya huko huko, ikawa inakodisha saa kwa yeyote mwenye la kutangaza. Yaani biashara, kama ya kukodisha viti vya harusi, na milingoti ikaendelea kusimama.

Kuna kijana ameniletea karatasi anauliza, redio ya babu yake iko darini, aitupe? Usiitupe. Kwanza itoe betri kabla hazijavuja. Nunua waya wa kawaida wa mita kumi hivi, ufunge kwenye antena, utoe dirishani, mbali na waya wa stima na mbali na chaja za simu, maana hizo ndizo zinazoleta kelele. Jaribu baada ya isha, zungusha polepole sana, unywele kwa unywele. Mwanzo utasikia mvumo mtupu, usikate tamaa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.