Mvuvi Mgeni na Mashua Ndogo

 

Barua iliyo mbele yangu leo imetoka kwa kijana mmoja wa Naivasha. Anasema kwamba kwa miaka miwili amekuwa akivua besi kwa ufito na mshipi, akisimama ukingoni mwa ziwa siku za Jumamosi. Sasa rafiki yake amepata mashua ndogo ya makasia, naye amemwalika waingie ziwani pamoja. Mama yake amekataa katakata. Kijana anauliza hivi: "Je, mama yangu amepungukiwa na imani, au mimi ndiye nina kiburi?"

Nimelipenda swali hili, kwa sababu aliyeliuliza amekubali kwamba huenda kosa likawa lake. Wengi wetu huuliza ili tuambiwe kwamba tuko sawa.

Kwanza niwaeleze wale wasiomjua samaki huyu. Besi si mwenyeji wa Naivasha. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, akaachiliwa ziwani ili watu wapate samaki wa kuvua kwa ufito. Ana kinywa kikubwa, na hakawii kukasirika. Hula samaki wadogo, na hula sana wale kamba wekundu wa maji baridi walioletwa ziwani humo mwaka 1970. Wakati wa kuzaa, dume huchimba kiota chini ya maji karibu na ukingo, kisha hukaa akiyalinda mayai na watoto. (Akina baba, mmesikia?)

Sasa, mtu anayejifunza kumvua besi huanzia ukingoni, na ni vyema aanzie hapo. Ukingoni hujifunza kunyamaza, maana samaki husikia kishindo cha miguu. Hujifunza kurusha chambo chake karibu na gogo bila kulikwaa. Hujifunza kufunga fundo lisilofunguka, na kurudi nyumbani mikono mitupu bila kumlaumu mtu. Kijana wetu ameyafanya hayo kwa miaka miwili, nami namheshimu kwa hilo.

Lakini ukingo una mipaka yake, na siku hizi Naivasha imezidi. Ziwa lilipojaa mwaka 2020, maji yalipanda yakaingia mashambani na hata katika nyumba za watu. Migunga iliyokuwa imesimama nchi kavu ikajikuta imesimama ndani ya maji, ikafa. Miti hiyo mikavu ni maficho mazuri sana ya besi, ila mtu wa miguu hawezi kuyafikia. Anayejaribu kuyafikia kwa kuingia majini mpaka kifuani anajitia mahali ambapo kiboko hupita. Ndugu zangu, wapo watu ziwani humo wanaovua kwa nyavu wakitembea majini namna hiyo kwa sababu hawana mashua, na wapo waliouawa. Kwa hiyo nisije nikasikika nikisema kwamba ukingo ni salama na mashua ni hatari. Mambo hayaendi kwa wepesi huo.

Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo, na wavuvi wote wa besi hulijua. Mtu aliyesimama ukingoni hurusha mshipi wake kwa nguvu zote kuelekea katikati ya ziwa. Siku akipata mashua, anapiga makasia mpaka huko katikati, kisha anageuka na kurusha mshipi kuelekea ukingoni! Lakini huyu wa pili ndiye mwenye hekima zaidi. Besi hukaa kandokando: penye mafunjo, penye magogo, penye vivuli, pale maji mafupi yanapoanza kuwa marefu. Faida ya mashua ndogo si kukupeleka mbali. Faida yake ni kwamba unaweza kusimama upande wa maji na kuutazama ule ukingo ulioujua, ukakifikisha chambo penye kivuli ambacho miguu haikuweza kukufikisha.

Fungua nami Injili ya Luka, mlango wa tano. Mnaikumbuka habari hiyo. Vyombo viwili vimeegeshwa kando ya ziwa, wenyewe wameshuka wanaosha nyavu. Bwana Yesu anaingia katika chombo cha Simoni. Je, amri ya kwanza ilikuwa gani? Wahubiri tunapenda kukimbilia ile ya kwenda kilindini. Lakini kabla ya hiyo kulikuwa na ombi dogo, kwamba chombo kisogezwe kidogo tu kutoka nchi kavu. Kidogo. Watu waliokuwa ufukoni waliweza bado kumsikia akifundisha. Simoni alikaa katika chombo chake mwenyewe, karibu na ukingo wake mwenyewe, akasikiliza mpaka mafundisho yakaisha. Ndipo alipoambiwa habari za kilindi.

Na Simoni hakuwa mgeni wa maji. Mwaka 1986, ziwa la Galilaya lilipopungua kwa ukame, ilionekana katika tope mashua ya kale ya zamani zile zile za Injili, urefu wake mita 8 na kidogo. Hiyo yatusaidia kufahamu vyombo vya wakati huo vilikuwaje. Ziwa lenyewe nalo halina tofauti kubwa na letu kwa tabia. Galilaya liko chini ya usawa wa bahari, na Naivasha liko juu karibu mita 1,890, lakini yote mawili yamelala bondeni kati ya miinuko, na yote mawili huweza kutulia kama kioo asubuhi kisha yakachafuka ghafula. Ikiwa mvuvi wa kazi, aliyezaliwa kando ya maji, alianza na hatua ndogo, mvuvi wa Jumamosi anaona haya gani?

Basi, kijana wangu, nikujibu sasa juu ya mashua yenyewe.

Mashua ndogo haipendi mtu mwenye haraka. Ukiingia, weka mguu katikati, si ukingoni mwake, kisha keti mara moja. Ukisimama ili kurusha mshipi, uzito wako wote unapanda juu, na chombo kinapinduka kwa jambo dogo tu, kama vile samaki mmoja kuvuta kwa ghafula upande usioutazamia. Rusha ukiwa umeketi. Mwanzoni utaona mkono hautaki, lakini utazoea. Weka vitu vyako chini polepole, kwa maana kopo likianguka juu ya mbao, besi wa pande zote wamekwisha kupata habari. Nanga ifungwe upande wa mbele. Ukiifunga nyuma, mawimbi yataingia kwa nyuma, ambapo chombo kimeinama kwa uzito wa watu, na mtajaa maji kabla hamjajua la kufanya. Mwe na kopo la kukumbia maji. Na chombo kikipinduka, msikiache kwa kudhani mtaogelea mpaka nchi kavu. Kishikeni. Mashua ya mbao iliyopinduka bado huelea, na mtu huonekana kwa urahisi akiwa ameishikilia.

Tena kuna viboko. Kiboko aweza kukaa chini ya maji dakika tano usimwone. Ukiwaona karibu na mafunjo, zunguka mbali, wala usikatize kati yao na maji marefu, kwa maana huko ndiko wanakokimbilia.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo naamini ndilo linalomsumbua mama yako, hata kama hakulitaja. Ni jaketi la kuokoa maisha. Katika barua yako umeandika kwamba rafiki yako analo moja tu, na kwamba vijana huwacheka wanaolivaa. Umeandika pia, kwa mistari miwili tu mwishoni, kwamba hujui kuogelea. Mistari hiyo miwili nimeisoma mara nyingi kuliko barua yote.

Mwenzangu, hakuna imani inayomwondolea mtu haja ya jaketi. Bwana wetu alipopandishwa juu ya hekalu, akaambiwa ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka, alikataa. Alikuwa na imani kuliko sisi sote, na bado alikataa. Aliona kwamba kumtegemea Mungu ni jambo moja, na kumjaribu ni jambo lingine. Kijana asiyejua kuogelea akiingia Naivasha katika mashua ya watu wawili yenye jaketi moja, kisha akaomba sala kabla ya kusukuma chombo, sala yake inafanana sana na yale maneno ya juu ya hekalu. Nasema hivi kwa upendo, lakini nasema.

Majaketi yawe mawili, nayo yavaliwe. Jaketi lililokunjwa chini ya kiti halimsaidii mtu ambaye tayari yumo majini. Wanaocheka waache wacheke. Hawatakuja kukaa na mama yako usiku.

Kwa hiyo, jibu la swali lako? Mama yako hakupungukiwa na imani. Amehesabu watu akahesabu majaketi, akaona hesabu hailingani. Wewe nawe sikuoni kuwa na kiburi kwa kuitamani mashua. Tamaa ya kusogea mbele Mungu ndiye aliyeiweka ndani ya vijana, na mzazi asiidharau. Akina mama mnaonisikiliza, mtoto akikatazwa bila kuambiwa sababu, siku moja ataondoka alfajiri bila kuaga, na hapo hata jaketi hatakuwa nalo. Afadhali mkae naye mezani mpatane. Mwambieni, "Leta jaketi la pili, jifunze kuogelea kwanza, kisha tutazungumza." Nadhani atakubali. Vijana wengi wana busara kuliko tunavyodhani, wakielezwa kwa heshima.

Na mkipatana, saa nazo zipangwe. Asubuhi ndiyo saa ya mashua ndogo Naivasha. Baada ya adhuhuri upepo huamka mara nyingi, na kwa kuwa ziwa si refu kwenda chini, mawimbi yake huwa mafupi na makali. Visiwa vya mafunjo yaliyong'oka navyo huelea vikisukumwa na upepo, vikaweza kuifunga njia uliyopitia asubuhi. Ingieni mapema, na saa tano iwakute mmekwisha kugeuza chombo. Mkianza safari, nendeni kwanza upande upepo unakotoka, ili mkichoka uwasukume kurudi nyumbani. Mtu mmoja wa nchi kavu ajue mmekwenda ghuba gani na mtarudi lini. Kibali cha kuvua pia kiwe mfukoni, na mwulize afisa wa uvuvi kama ni miezi ya kufungwa kwa ziwa.

Limebaki jambo la rafiki yako. Mtu wa ukingoni huvua peke yake, na akichukia mwenziwe husogea hatua ishirini. Katika mashua ya watu wawili hakuna hatua ishirini. Mmoja akivua, mwingine inampasa kushika kasia na kukilinda chombo kisigongane na miti. Wote wawili wakirusha kwa pamoja, ndoana itaingia sikioni mwa mtu. Simoni naye, samaki walipojaa, hakuweza kuwavuta peke yake, aliwapungia wenzake wa chombo cha pili waje. Kwa hiyo kabla ya kumchunguza samaki, mchunguze rafiki. Je, ni mtu wa kukupa zamu? Akiona upepo unaamka, naye bado hajapata samaki, atakubali kurudi?

Huko Marekani, katika jimbo la Georgia, aliishi kijana mmoja mkulima jina lake George Perry. Tarehe 2 Juni 1932, kulima kulishindikana kwa sababu ya mvua, naye akaenda na rafiki yake kuvua besi katika ziwa dogo la Montgomery. Hawakuwa na chombo cha fahari. Walikuwa na mashua ndogo ambayo Perry aliiunda mwenyewe kwa mbao. Chambo cha bandia walikuwa nacho kimoja tu, hivyo walivua kwa zamu, mmoja akirusha na mwingine akingoja. Katika zamu ya Perry alishika besi wa ratili 22 na aunsi 4, yaani zaidi kidogo ya kilo 10. Miaka 77 ilipita kabla mtu mwingine hajamfikia, naye alikuwa mvuvi wa Japani mwaka 2009, katika ziwa la Biwa. Perry alimpeleka samaki wake mjini akapimwa kwenye mizani, watu wakamtazama. Kisha akarudi naye nyumbani, akapikwa, jamaa yote wakala.