Mafuriko Yakija, Paka na Mbwa Nao Wahame
Wasikilizaji wetu wa bonde la Rufiji, mnakumbuka Aprili 2024, maji yalivyofunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Mnapopanga kuhama, wapangieni na wanyama wenu.

Tuanze na paka, maana ndiye msumbufu zaidi. Akisikia vurugu hujificha uvunguni, na kumtoa humo ni kazi. Tafuta tenga la kuku lenye kifuniko, tandika kanga kuukuu, umlishe humo kuanzia leo mpaka alizoee. Mbwa mzoeshe kamba. Kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa itunze pamoja na vyeti vya watoto, kwenye mfuko usioingia maji. Kambini watu hubanana, na mbwa asiyechanjwa ni hatari kwa wote.

Muulize mapema mwenyekiti wa kijiji kama kambi inapokea wanyama. Kama haipokei, ongea na ndugu anayeishi mwinukoni.

Ikishindikana kabisa kumchukua mnyama wako, tafadhali sana, usimwache amefungwa. Mbwa aliyefungwa mtini hufa maji wakati angeweza kuogelea akajiokoa. Mfungue kamba, fungua na banda la kuku na zizi la mbuzi, ndipo uondoke.