Furaha Yenye Makovu

Masomo: Yohana 11:32–44 na Yohana 20:19–20

Tunawakumbuka hasa wale ambao asubuhi ya leo wameshindwa kwenda ibadani, si kwa ugonjwa, bali kwa sababu kila wanaposikia kengele ya kanisa huikumbuka siku ya mazishi.

Yako maswali ambayo watu huyauliza hadharani wakati wa msiba, na yako mengine ambayo huulizwa kwa siri, baada ya matanga kwisha. La hadharani twalijua sote: kwa nini Mungu ameruhusu? La siri ni jingine, nalo tumelisikia zaidi kwa akina mama: nikicheka tena, je, sitakuwa nimemsahau? Mama aliyemzika mtoto wake hujikuta siku moja, akiwa anachambua mchele pamoja na jirani, amecheka. Mara hushtuka, huufunika mdomo kwa khanga, na usiku huo hulia kuliko alivyolia kaburini, kana kwamba amemsaliti mwanawe. Swali hilo ndilo tunalotaka kulitafakari leo, maana watu wengi hulibeba kwa miaka bila kumwambia mchungaji wala mzee wa kanisa.

Mji wetu ulipata kulijua swali hilo kwa namna ya pekee. Jumamosi tarehe 6 Mei 2017, wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Lucky Vincent walikuwa safarini kwenda Karatu kufanya mtihani wa ujirani mwema. Huko Rhotia basi lao lilitumbukia korongoni. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Jumatatu iliyofuata majeneza yalipangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mahali tulipopazoea kwa mpira na sherehe, na Wakristo na Waislamu wakalia pamoja pasipo kuulizana dini. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai, wamevunjika vibaya. Katikati ya mwezi huo walipelekwa kwa ndege hadi mji wa Sioux City, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, wakatibiwa huko, na mwezi wa Agosti wakarudi nyumbani.

Sasa fikirini, ndugu zetu, hali ya mji mmoja wenye nyumba tatu zilizopokea mtoto aliyerudi, na nyumba thelathini na mbili ambazo hazikupokea mtu. Je, ilikuwa halali kushangilia? Na kama ilikuwa halali kwa zile tatu, wale wengine wangefanya nini siku hiyo? Mtume Paulo, katika sura ya 12 ya Waraka kwa Warumi, awaagiza waumini wafurahi na wenye kufurahi, tena walie na wenye kulia. Kwa kawaida tunayahubiri maagizo hayo kana kwamba ni ya siku mbili mbalimbali, harusi leo na msiba kesho. Lakini katika usharika ulio hai, mwenye kufurahi na mwenye kulia hukaa kwenye benchi moja, Jumapili ile ile, na mara nyingine wote wawili wamo ndani ya moyo wa mtu mmoja.

Tumtazame Bwana wetu kule Bethania. Alijua atakalolifanya. Alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha rafiki yake. Hata hivyo, alipomwona Mariamu analia, na wale waliofuatana naye wanalia, naye machozi yalimtoka. Hapa yafaa tutulie kidogo. Kama tumaini lingekuwa dawa ya kukausha machozi mara moja, basi Yesu angekuwa wa kwanza kutolia, maana hakuna mwenye tumaini kuliko Yeye aliyekuwa amebakiza dakika chache tu kabla ya kuliita jina la Lazaro. Alilia kwa sababu alimpenda.

Kwa hiyo tunawasihi wale waendao kuhani msiba waache yale maneno tuliyoyazoea: usilie, Mungu alimpenda zaidi, usilie, ni mapenzi yake. Msemaji husema kwa nia njema, lakini mfiwa husikia kwamba machozi yake ni upungufu wa imani. Paulo alipowaandikia Wathesalonike juu ya waliolala, hakuwakataza huzuni. Aliwakataza ile huzuni isiyo na tumaini, nayo ni habari tofauti kabisa. Afadhali mgeni apeleke kuni, au ndoo ya maji, au loshoro kwa wale watakaokesha, kisha akae kimya.

Tena tusidhani kwamba nchi hii ya Meru imeanza kujifunza jambo hili juzi. Atokaye Arusha kwenda Moshi, akiipita Tengeru, huiacha Akeri upande wa mlimani. Huko, usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, waliuawa wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Hadithi hii husimuliwa mara nyingi, lakini sehemu yake ya pili hupitwa haraka. Baada ya mauaji hayo jeshi la Wajerumani lilipanda kutoka Moshi kulipiza kisasi. Watu wengi wa Meru na wa Arusha waliuawa, na mifugo yao mingi ikatekwa. Wajane wa upande huo nao walilia, wala hakuna jiwe lililochongwa majina yao.

Mwaka 1902 misioni ilirudi, ikajenga Nkoaranga, na mwaka 1904 ikafika Ilboru. Watoto na wajukuu wa watu wale wale walibatizwa, wakawa walimu, wainjilisti na wachungaji. Wako wasemao kwamba vifo vile vilihitajika ili kanisa lizaliwe. Sisi hatusemi hivyo, maana hatumjui Mungu afanyaye biashara ya namna hiyo. Tunasema tu kwamba Mungu hakushindwa na damu iliyomwagika pande zote mbili, na kwamba makaburi ya Akeri hayakufukiwa ili watu wapate kuimba. Yako hata leo, na watu huimba karibu nayo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa jioni ile ya kwanza ya Pasaka. Wanafunzi walikuwa wamejifungia kwa hofu. Yesu aliwatokea, akawasalimu kwa amani, kisha akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Yohana aeleza kwamba ndipo walipofurahi. Angalieni mpango wa mambo: kwanza majeraha, halafu furaha. Mungu aliyeweza kumfufua Mwanawe katika wafu angeweza pia kuziondoa alama za misumari, wala hakufanya hivyo. Mwili wa ufufuo una makovu.

Mama uliyecheka ukashtuka, tunasema nawe. Ungekuwa na haki ya kuogopa kicheko kama mtoto wako angetunzwa na machozi yako peke yake. Maana hapo, siku ukinyamaza, angekuwa amepotea kweli. Lakini hatunzwi na machozi yako. Ametunzwa na Yeye ambaye makovu yake hayajafutika, asiyesahau jina hata moja kati ya majina ya wale 35, wala ya wale wajane wa 1896. Kwa kuwa Yeye anakumbuka, wewe una ruhusa ya kulala usingizi, ya kuvaa tena ile nguo uliyoipenda, ya kuimba soprano katika kwaya. Na siku machozi yatakaporudi, labda unapopita mbele ya shule, usijilaumu pia.

Nanyi wengine, juma hili itafuteni nyumba moja ambayo matanga yake yalikwisha miezi mitatu au minne iliyopita, ambako turubai limekwisha kuondolewa na jumuiya haiji tena. Nendeni mkakae hapo saa nzima. Mtajeni marehemu kwa jina lake.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyelia Bethania, uingie katika nyumba zilizofungwa kwa huzuni hapa Arusha na pande zote za Meru. Waonyeshe wafiwa mikono yako. Amina.