Pointi zetu zibandikwe kabla ya deliberasyo

Maneno yetu mbele ya wanafunzi wa masomo ya juu, Kasongo

Ninyi mliotoka Kabambare, mliopita barabara ile tunayoijua sote, karibuni sana.

Leo hatukuja kusema juu ya barabara, wala juu ya umeme. Tumekuja kusema juu ya pointi. Kuna watakaocheka: harakati za raia na pointi za wanafunzi, wapi na wapi? Lakini pointi ndiyo inaamua nani anapanda, nani anarudia mwaka, mzazi gani ataulizwa minervali mara ya pili. 9 badala ya 10 juu ya 20 inaweza kula kazi ya miezi ya baba anayechimba dhahabu kule Salamabila. Sasa kitu chenye nguvu namna hii kinahesabiwa wapi? Na nani anaiona hiyo hesabu?

Wote mmesikia ule mchezo wa maneno wa maprofesa: 20 ni ya Mungu, 19 ni ya profesa, mwanafunzi ajaribu 14. Tunacheka, tunaandika, tunaenda. Lakini maana yake ni kwamba dari imewekwa kabla hujaandika jibu hata moja. Halafu siku unaomba nafasi ya kusoma mbali, 14 yako inawekwa pamoja na 18 ya mtu wa mahali pengine, na hakuna karatasi inayoeleza kwamba kwenu 14 ndiyo ilikuwa ya kwanza katika promosyo nzima.

Wengine walifanya hivyo kwa kuandika wazi. Ulaya, katika mpango wao wa krediti, wanafunzi waliofaulu walikuwa wanagawanywa kwa mafungu: 10% ya kwanza wanapata A, 25% inayofuata B, 30% C, 25% D, 10% ya mwisho E. Kwa hiyo herufi yako ilitegemea jirani yako. Akifanya vizuri, wewe unashuka. Mwaka 2009 waliacha kugawa hivyo. Marekani, chuo cha Princeton kiliamua mwaka 2004 kwamba A zisipite 35%, na mwaka 2014 kikafuta uamuzi huo. Tunawaambia hivi sababu LMD yetu, iliyoenea inchi nzima kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, imetoka njia ileile ya Ulaya, njia ya Bologna ya 1999. Tumechukua krediti, tumechukua herufi. Lakini kule sheria mbaya ilikuwa imeandikwa. Watu waliisoma, wakabishana nayo, ikatoka. Yetu haijaandikwa popote. Utabishana na nini?

Tuje sasa kwenye deliberasyo. Hatuipingi, tusieleweke vibaya. Mwanafunzi asipoteze mwaka kwa nusu pointi, na juri ikimwongezea kidogo, ni haki na ni utu. Shida ni mlango uliofungwa. Pointi za kuongeza zinatolewa kwa kipimo gani? Kwa nani? Kama kipimo hakiko kwenye valvu, sisi tulio inje tunaanza kuhesabu wenyewe: huyu ni mtoto wa nani, huyu ni wa kabila gani, huyu alinunua silabusi, yule hakununua. Na hata yule aliyelala usiku juu ya daftari, akapita kwa nguvu zake, anaonekana amebebwa. Siri inamchafua hata msafi.

Kuna na profesa mgeni. Kozi ya masaa 45 inafundishwa kwa wiki moja, asubuhi mpaka jioni, egzamini inafanyika, karatasi zinaingia katika sakoshi na kusafiri pamoja naye. Pointi zinarudi baada ya miezi, mara nyingine kwa picha ya simu, na jina likikosekana kwenye picha, utaambiwa hukufanya egzamini. Utaonyesha nini? Karatasi yako iko mbali, kozi imekwisha.

Kwa wa Kabambare kuna zaidi. Silaha zikilia, njia inafungwa, watu wanakimbilia porini. Sesyo haingoji. Mwanafunzi anarudi anakuta sufuri, sawasawa na sufuri ya aliyebaki nyumbani kwa uvivu. Sisi tunaomba iandikwe jinsi ilivyo: hakuwapo sababu ya vita. Na apewe siku yake ya kufanya egzamini.

Halafu lile jambo la wadada. Zile pointi za kitandani zimepewa jina la mzaha, na mzaha ule unatuuzi. Sheria nambari 06/018 ya tarehe 20/7/2006 inasema wazi: anayetumia mamlaka yake kumlazimisha mtu kwa tamaa za mwili anafungwa mwaka 1 mpaka 12. Lakini sheria inangoja aliyeumizwa alete mashitaka, na siku ile analeta, karatasi yake ingali mkononi mwa mtu yuleyule. Ndiyo maana tunasema egzamini ziandikwe nambari, si jina, na kozi ikiwa na malalamiko, mtu wa pili asahihishe. Hapo dada anaweza kusema bila kuuza mwaka wake.

Maprofesa wengine watasema tunawavunjia heshima. Hapana. Wapo wanaorudisha karatasi zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu, kosa kwa kosa, na wanafunzi wao hawajawahi kulalamika. Tunaomba tu ile desturi yao iwe ya wote.

Barua iko tayari, ya ukurasa mmoja. Inaomba pointi za kila kozi zibandikwe kwenye valvu kwa nambari ya mwanafunzi kabla juri haijakaa, kipimo cha kuongeza kiandikwe pembeni yake, mwanafunzi aone karatasi yake, na kulalamika kusilipishwe hata franka moja. Mashefu wa promosyo wataipitisha darasa kwa darasa mpaka ijumaa. Wa Kabambare mtapewa nakala yenu muende nayo, sababu wenzenu walioshindwa kufika leo ndio wenye sufuri zile. Anayeogopa kuandika jina lake, asiandike. Atuletee tu kozi gani, mwaka gani, na pointi ilichelewa kwa muda gani. Jumamosi tunaipeleka, kwa miguu, mchana.