Masultani Wanawake wa Bhopal na Suala la Ndoa ya Mjane

(Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa baada ya sala ya Isha)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Nimeombwa nizungumze juu ya wajane. Nimeona niipitie habari hii kwa njia ya historia ya Bhopal, mji wa India ya kati ambao wengi wenu mliusikia kwa ajali ya gesi ya sumu ya mwaka 1984. Kabla ya hapo Bhopal ilikuwa dola ya Kiislamu, iliyoasisiwa mwanzoni mwa karne ya 18 na Dost Mohammad Khan, Mwafghani aliyekuja India kama askari. Baadaye dola hiyo ikawa chini ya himaya ya Waingereza, na mwaka 1949 ikaingizwa katika India huru.

Jambo la ajabu ni kwamba kuanzia mwaka 1819 hadi 1926 dola hiyo iliongozwa, isipokuwa kwa miaka michache tu, na wanawake wanne waliofuatana, mama na binti yake. Wa kwanza, Qudsia Begum, alifiwa na mumewe mwaka 1819 akiwa na umri wa miaka kama 18. Jamaa wa kiume walipoutazamia ufalme, yeye alisema kwamba mrithi ni binti yake mchanga, Sikandar, na kwamba yeye mwenyewe ataitunza nchi mpaka mtoto akue. Wakamkubali. Sikandar naye akawa mjane mwaka 1844, baada ya ndoa iliyojaa ugomvi. Alikuwa mtawala hodari. Aliusimamia uchumi wa nchi, akaenda Hija mwaka 1864 na kuandika habari za safari yake. Mwaka 1857 alisimama upande wa Waingereza, jambo ambalo wengi hawakumsifu kwalo, wala mimi simsifu.

Sasa tazameni. Bibi alikuwa mjane kijana, mama naye mjane kijana, na wote wawili hawakuolewa tena. Katika nyumba za wakubwa wa India ya zama zile, mjane kuolewa lilihesabiwa kuwa aibu ya ukoo. Desturi hiyo ilitoka kwa majirani, haikutoka kwa Mtume Muhammad (s.a.w.). Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mjane, Sauda, Hafsa na Ummu Salama (r.a.) pia walikuwa wajane. Miongoni mwa wake zake wote ni Bibi Aisha (r.a.) peke yake aliyeolewa akiwa bikira. Wanachuoni wa islahi wa India katika karne ya 19 walilipigania sana jambo hili, na baadhi yao walianza kwa kuwaoza wajane wa nyumba zao wenyewe.

Ndipo tunapofika kwa Shah Jahan Begum, binti wa Sikandar. Mumewe alifariki mwaka 1867, na mwaka uliofuata yeye akashika utawala. Mwaka 1871 akaolewa na Siddiq Hasan Khan, mwanachuoni asiye na mali, aliyekuwa akifanya kazi katika serikali yake. Huyu ndiye yule mwanachuoni mkubwa wa Ahlul-Hadith, mwenye tafsiri ya Fathul-Bayan na vitabu vingi vya Kiarabu, Kiajemi na Kiurdu.

Ndoa ile iliwagharimu. Mwaka 1885 Waingereza walimvua Siddiq Hasan vyeo vyake kwa madai kwamba vitabu vyake vinachochea jihadi na kwamba anaingilia mambo ya nchi. Begum hakumwacha, alibaki naye mpaka alipofariki mwaka 1890. Lakini kilichouma zaidi kilikuwa nyumbani. Binti yake wa pekee aliyebaki hai, Sultan Jahan, hakumpenda baba yake wa kambo, na mama na mwana wakafarakana kwa miaka mingi, wakiishi katika mji mmoja. Haki yasemwe: binti alikuwa na malalamiko yake, aliyaandika, na si yote yalihusu ndoa, palikuwapo pia suala la nani mwenye kauli katika ikulu. Lakini hata hapa kwetu, ndugu zangu, tunawajua watoto watu wazima wanaonuna mama yao akiposwa baada ya eda kwisha, na ukiwauliza hoja yao ya sheria hawana.

Shah Jahan alichangia fedha za kujenga msikiti wa Woking, Uingereza, uliofunguliwa mwaka 1889 na unaoitwa kwa jina lake. Alianza pia Taj-ul-Masajid, msikiti mkubwa mno, akafariki mwaka 1901 haujakamilika.

Sultan Jahan akatawala baada yake. Alifungua shule za wasichana, akagharimia uandishi wa Sira ya Mtume (s.a.w.) ya Shibli Nomani, na mwaka 1920 akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh. Mwaka 1926 alimwachia utawala mwanawe, akafariki mwaka 1930. Ule msikiti wa mama yake ulianza kujengwa tena mwaka 1971, ukakamilika mwaka 1985.

Wabillahi tawfiq.