Wapanda Pikipiki Wazee na Njia ya Ng'ambo

Hotuba iliyosomwa Lipangalala mbele ya wanachama, katika sherehe za miaka kumi ya Chama Kikuu chetu



Twashukuru kupewa nafasi ya kunena kwa niaba ya wanachama wazee ambao hata leo hupanda pikipiki kwenda mashambani. Huenda wako watakaoliona jambo hili kuwa dogo, siku ambayo wengine wamekwisha kunena juu ya ghala, mizani na bei. Lakini mpunga haujipeleki ghalani wenyewe. Wengi wetu tukaao hapa Lipangalala tunalima ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Minepa na Lupiro, na mtu aliyepita miaka sabini hawezi kwenda huko kwa miguu kisha akabaki na nguvu za kushika jembe.

Tulipoanza kupanda vyombo hivi, pikipiki zilikuwa chache mno katika bonde letu. Alikuwa nayo bwana shamba, alikuwa nayo karani wa ushirika, tena mapadre na mganga mmoja mmoja. Mkulima aliyejaliwa alikuwa na baiskeli. Sisi tulizipata zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi, na nyingi zilikuwa za namna ile ya kuchanganyiwa oili ndani ya petroli. Oili ikipungua, injini huuma na kusimama. Ikizidi, plagi huchafuka na moshi hufunika njia nzima. Hapakuwa na fundi katika kila njia panda kama ilivyo sasa. Tulijifunza kwa kutazamana mikono. Tena mali ilikuwa haba: mmoja alikuwa na pampu, wa pili alikuwa na spana ya plagi, wa tatu ndiye aliyetunza viraka na gundi. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyeweza kusafiri peke yake hata kama angalipenda, na urafiki wetu, tukisema kweli, ulianza kwa shida hiyo kabla haujawa mapenzi.

Kisha palikuwa na kivuko. Ndugu vijana waliokua baada ya daraja hawawezi kujua jinsi kungoja kule kulivyokuwa. Kivuko kikiwa ng'ambo, ulizima chombo chako, ukakaa kivulini, na kabla hakijarudi walikuwa wamekwisha kufika wenzako watatu au wanne. Hapo habari za mbegu, za panya, za ndege waharibifu na za wagonjwa zilisemwa zote. Jioni, wakati wa kurudi, tulihesabiana ukingoni bila kuagizwa na mtu. Na kama mmoja hakuonekana, wawili waligeuza vyombo vyao kwenda kumtafuta.

Hatusemi kwamba kivuko kirudi. Tunakumbuka jinsi kilivyopinduka mwezi wa Januari 2016, na hapana mtu mwenye akili anayetamani maji yale tena. Daraja lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa mwezi wa Mei 2018, ni neema kubwa kwa Ifakara na Mahenge pia. Siku hizi mtu hutoka nyumbani alfajiri, akavuka kwa dakika moja, akaenda zake. Ila katika dakika hiyo moja hakutani na mtu, wala hapana anayejua kuwa amevuka.

Katika hali hiyo idadi yetu imepungua. Tulikuwa kumi na wanne. Leo tumebaki watano. Wengine tumewazika. Wengine macho yamewakataza, au magoti. Mmoja chombo chake kimefunikwa turubai uani, na kila Jumamosi hukipangusa vumbi ingawa hakipandi. Hatumcheki, maana twajua zamu yetu yaja.

Masika yaliyopita mwenzetu mmoja aliteleza katika udongo mweusi, mbali kidogo na barabara kuu. Pikipiki ilimlalia mguu. Chombo chenye uzito wa zaidi ya kilo mia moja, mzee hawezi kukiinua akiwa chini yake. Alilala pale tangu asubuhi mpaka alasiri, alipoonwa na mchungaji wa ng'ombe. Mguu umepona. Lakini zamani angalikuwa na mwenzake nyuma yake, na jambo hilo lingalikwisha kabla injini haijapoa.

Wako wanaotushauri tuache, tupande nyuma ya vijana wa bodaboda. Twawaheshimu kwa nia yao. Hata hivyo nauli ya kwenda na kurudi kila siku ya palizi yaweza kula faida ya magunia mengi, na mkulima anayengoja kuchukuliwa hawi bwana wa saa zake: ndege hawangoji dereva. Lililo haki katika shauri lao tumelikubali. Tumeacha kupanda baada ya jua kuchwa, kwa sababu taa za magari hutupofusha. Tumeacha kupakia gunia zima nyuma. Na wawili wetu wamebadili vyombo vizito wakachukua vyepesi. Kuacha kabisa, bado.

Basi ombi letu kwa Halmashauri ni hili. Liwekwe daftari pale ghalani, na kila mwanachama avukaye aandike jina lake, shamba aendalo na saa ya kutoka, kisha alifute jina hilo arudipo. Jina lisilofutwa hadi saa kumi na mbili jioni, karani awapigie simu jamaa zake. Tena twawaomba vijana wenye mashamba upande ule, siku ya Jumanne na ya Ijumaa, watoke pamoja nasi saa kumi na mbili asubuhi. Twajua mwendo wetu utawaudhi. Nasi tutawaonyesha mahali ambapo udongo hudanganya baada ya mvua, maana tumeanguka hapo pote.

Daftari tumekwisha kulinunua wenyewe, nalo liko mezani kwa karani. Linangoja idhini ya Halmashauri tu, na Jumanne ni keshokutwa.